Kuuza Nyumba Yenye Mpangaji Ndani

Katika mambo yanayozusha ugomvi katika miji ya pwani, tangu Lamu na Mombasa hata Tanga, Unguja na Dar es Salaam, ni kuuzwa kwa nyumba ambayo ndani yake yumo mtu aliyeipanga. Mara nyingi mpangaji hapewi khabari na mwenye nyumba. Huipata kwa dalali anayebisha hodi asubuhi akiwa na watu wasiojulikana, wakitazama dari na kuhesabu vyumba. Au huipata barazani kwa jirani. Au huipata siku anapokuja mtu mgeni na hati mkononi, akamwambia kwamba kodi asimpelekee tena fulani, na kwamba mwezi ukiisha ahame. Hapo watu hugawanyika. Wengine husema mwenye nyumba hakukosa, kwa kuwa mali ni yake na amemuuzia amtakaye. Wengine husema amedhulumu. Na kila upande hudai kwamba haki iko kwake.

Mas'ala haya yastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu makao ni katika neema kubwa alizopewa mwanaadamu, na mali vile vile ni neema iliyolindwa na Sharia. Haifai kuilinda moja kwa kuivunja ya pili.

Yapasa kuanza kwa haki ya mwenye nyumba, kwa kuwa asiyeitambua haki hiyo hawezi kumhukumu kwa uadilifu. Nyumba ni milki yake. Huenda aliijenga kwa jasho la miaka mingi, huenda aliirithi kwa baba yake, na huenda anaiuza kwa sababu ya deni, au ugonjwa, au nauli ya Hija. Hapana hukumu inayomfunga asiiuze maisha kwa sababu yumo mpangaji. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo yafuatwayo na wengi wa watu wa pwani, Imam an-Nawawi ametaja katika Minhaj at-Talibin kwamba kauli iliyo dhahiri zaidi ni kusihi kwa uuzaji wa nyumba iliyopangishwa, hata akiuziwa mtu asiyekuwa mpangaji. Mahanafi wana maneno mengine: kwao uuzaji huo husimama mpaka mpangaji aridhie au muda wake uishe. Ama shufaa, yaani haki ya kukitwaa kilichouzwa kwa thamani ile ile, kwa Mashafi ni ya mshirika katika milki, na Mahanafi wakampa na jirani. Lakini kupanga peke yake hakumpi mtu shufaa. Basi anayesema kwamba mwenye nyumba hana ruhusa ya kuuza mpaka amwombe mpangaji wake, katika madhehebu ya Shafi hana hoja.

Lakini wanazuoni hao hao waliosahihisha uuzaji wameongeza neno ambalo wauzaji wengi hulisahau, nalo ni kwamba kwa kuuzwa nyumba, ijara haivunjiki. Sababu yake ni wazi kwa mwenye kufikiri. Ijara ni kuuza manfaa. Mwenye nyumba aliyepokea kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima mbele, kama ilivyo ada ya wengi Dar es Salaam na Unguja, amekwisha kuuza makazi ya muda huo na thamani yake ameitia mfukoni. Lililobaki mkononi mwake ni jengo lililovuliwa manfaa mpaka muda uishe. Hawezi kuuza mara ya pili kile alichokwisha kukiuza mara ya kwanza. Anayenunua hununua nyumba na mtu ndani yake, na humngojea mtu huyo amalize muda wake. Na kama mnunuzi hakuwa na khabari kwamba nyumba imepangishwa, amepewa khiyari: akitaka aikubali hivyo ilivyo, akitaka auvunje uuzaji.

Hukumu ni hiyo hiyo mwenye nyumba akifa. Kwa Mashafi ijara haibatiliki kwa kufa mmoja wa wawili waliofungamana. Warithi huirithi nyumba pamoja na ahadi iliyo juu yake. Jambo hili lafaa kutajwa kwa sababu nyumba nyingi za pwani huuzwa baada ya msiba, ndugu wakiwa wengi na nyumba ni moja, na kila mmoja akitaka fungu lake upesi. Mara nyingi hapo mpangaji huwa ndiye mtu wa mwisho kukumbukwa, ingawa yeye ndiye aliye ndani.

Katika maneno hayo yapo mazingatio. Kunyamaza kwa mwenye nyumba hakumdhuru mpangaji peke yake. Kwamdhuru na mnunuzi, ambaye ametoa fedha kwa kudhani kwamba atapata funguo, kisha akapata kesi. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume Muhammad s.a.w. amefunga baraka ya biashara na ukweli na ubainifu wa wauziana, na ameeleza kwamba baraka hiyo hufutika kwa uwongo na kuficha. Nyumba yenye mpangaji aliyefichwa ni sawa na nyumba yenye ufa uliopakwa chokaa.

Yaliyotangulia yanahusu mwenye muda unaojulikana. Lakini wapangaji wengi hawana muda wa namna hiyo. Hukaa kwa mwezi, na mwezi ukiisha huingia mwingine bila ya neno, na huenda wakapita miaka kumi hivyo hivyo. Wanazuoni wa Kishafi hawakuisahihisha ijara ya namna ya kusema, kila mwezi kwa shilingi kadha wa kadha, bila ya kutaja muda wote ni upi. Kwa sababu ndani yake mna gharari, yaani mtu hujifunga katika jambo asilojua mwisho wake. Na azingatie msomaji: ile ile kasoro waliyoiogopa wanazuoni, ya mpangaji kutojua atakaa mpaka lini, ndiyo inayomwangusha leo. Kama watu wangaliandika muda tangu mwanzo, nusu ya magomvi haya yasingalizaliwa.

Sheria za serikali zimeweka mpaka katika jambo hili. Sheria ya Ardhi ya Tanzania Bara ya mwaka 1999 na Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 zafanana: upangaji wa kipindi kwa kipindi waweza kuvunjwa na upande wowote kwa notisi isiyopungua kipindi chenyewe. Mwenye kulipa kwa mwezi hupewa mwezi. Na kwa maduka na mahoteli yaliyo chini ya sheria yake ya peke yake, Kenya hutaka notisi isiyopungua miezi miwili. Mwislamu anayeishi chini ya sheria hizo na akapangisha chini yake, amefungamana nazo kama alivyofungamana na maneno ya mkataba wake. Na Sura ya al-Maida huanza kwa amri ya kutimiza mafungamano.

Hapa ndipo panapozaliwa swali gumu. Mwenye nyumba husema: Nimempa mwezi wake kamili, kama sheria itakavyo. Ni kitu gani tena nidaiwacho?

Jibu lake litazamwe katika mfano. Mtu ameazimu tangu Rajabu kuuza nyumba yake. Amemwita dalali, ametaja thamani, na wanunuzi wamekwisha kuja mpaka mlangoni. Katika miezi hiyo mpangaji, asiyejua neno, amemwandikisha mtoto wake katika chuo kilicho karibu, amefunga tangi la maji kwa fedha zake, na amekataa nyumba nyingine nzuri aliyoonyeshwa na rafiki, akisema kwamba hapa alipo pamemtosha. Pengine hata amemwuliza mwenye nyumba kama apake rangi, akajibiwa apake. Kisha mwisho wa Shaabani ndipo anapoletewa karatasi ya mwezi mmoja. Mwezi alipewa, hapana atakayekana. Lakini ile miezi miwili iliyotangulia, kila alilolitenda alilitenda juu ya msingi ambao mwenzake alijua kwamba umekwisha kuondoka. Mwenye nyumba hakusema uwongo kwa ulimi. Lakini aliuacha uwongo ukae nyumbani mwake na akaupokea kodi.

Kwa hivyo kipimo cha haki katika mas'ala haya si hesabu ya siku tu. Ni kule kujua. Siku azimio la kuuza linapothubutu, khabari hiyo inakuwa amana mkononi mwa mwenye nyumba, kwa sababu maisha ya mtu mwingine yanaelekea kugeuka kwayo. Amana yake ni kufikishwa kwa mwenyewe. Anayeizuia ili apate kodi bila ya usumbufu mpaka siku ya mwisho, amejifaidisha kwa ujinga wa mwenzake. Na katika Arubaini za Imam an-Nawawi imo hadithi mashuhuri ya kukataza kudhuru na kudhuriana, ambayo wanazuoni wameifanya kuwa msingi wa hukumu nyingi. Dhara ya kuhama haiepukiki nyumba ikiuzwa. Dhara ya kushtukizwa yaepukika, na kuiepusha ni kwa maneno machache tu.

Wenye nyumba wana hoja zao, na haifai kuzipuuza.

Ya kwanza husema: Mpangaji akijua, ataacha kulipa kodi, au ataiharibu nyumba. Ni kweli wako wapangaji wa namna hiyo. Lakini haijuzu kumwadhibu mtu kwa kosa ambalo hajalifanya. Mtu aliyelipa miaka mitano bila ya kuchelewa hastahili kufichwa khabari kwa kuogopewa yale aliyoyafanya mwingine. Na wengi katika walioacha kulipa waliacha kwa hasira ya kushtukizwa. Siri ndiyo iliyozaa kile kilichoogopwa.

Ya pili husema: Mnunuzi akikuta mtu ndani atapunguza thamani. Hilo nalo ni kweli, lakini ni hoja inayojivunja. Kama nyumba yenye mtu ndani ina thamani ndogo zaidi, basi hiyo ndiyo thamani yake ya kweli kwa siku hiyo. Ziada inayopatikana kwa kuficha imetoka katika mfuko wa mnunuzi asiyejua au katika mgongo wa mpangaji aliyefukuzwa upesi.

Ya tatu ndiyo yenye nguvu: Huenda uuzaji usitimie. Kwa nini kumtia mtu khofu kwa jambo ambalo halijawa? Hakika si kila fikira ya kuuza yapasa kutangazwa. Mtu huweza kuwaza usiku na kughairi asubuhi. Lakini fikira ina mpaka wake. Siku nyumba inapokabidhiwa dalali, au inapotajiwa mtu thamani, imekwisha toka katika mawazo na kuingia sokoni. Haifai soko lote lijue na aliye ndani asijue. Aambiwe ukweli kama ulivyo: kwamba nyumba inatafutiwa mnunuzi, kwamba hajapatikana, na kwamba akipatikana ataambiwa siku ile ile. Khofu ya mtu aliyeambiwa ni nyepesi kuliko ya mtu anayesikia minong'ono na kumwona mwenye nyumba akimkwepa msikitini.

Ama namna ya kutoa khabari, iko hivi. Mwenye nyumba na aende mwenyewe, asimtume dalali wala mtoto. Aseme kwa mdomo, kisha athibitishe kwa maandishi yenye tarehe, kwani Sura ya al-Baqara imeamrisha deni liandikwe na lishuhudiwe, na ndani ya upangaji mna madeni ya pande zote mbili. Maandishi yataje siku ambayo mpangaji atatakiwa kutoka, au yaseme wazi kwamba mnunuzi ataendelea naye. Kodi iliyotangulizwa inahesabiwa vipi. Fedha alizoweka amana wakati wa kuingia atarudishiwa na nani na siku gani. Na kodi ijayo ailipe mkononi mwa nani, asije akalipishwa mara mbili.

Wanunuzi wakija kutazama, waje kwa ruhusa na kwa saa iliyotajwa. Wengi hukosea hapa. Sura ya an-Nur imekataza kuingia nyumba za watu mpaka kwanza itakwe ruhusa na atolewe salamu aliye ndani. Nyumba iliyopangwa, maadamu muda wake haujaisha, kwa sitara yake ni ya anayekaa ndani, ingawa milki yake ni ya mwingine. Mna wake na mabinti, na mna vitu visivyofaa kuonwa na mgeni. Kuwa na hati ya nyumba si ruhusa ya kufungua pazia.

Na kabla ya yote, ni uzuri mwenye nyumba amwulize mpangaji kama yeye anaweza kuinunua. Imetajwa ya kuwa hana shufaa, basi hili si wajibu. Lakini Bukhari amepokea kisa cha Abu Rafi', aliyeachwa huru na Mtume s.a.w., ambaye alikuwa na vyumba viwili ndani ya uwanja wa nyumba ya Saad bin Abi Waqqas. Abu Rafi' alimtaka Saad avinunue, na Saad hakuzidisha elfu nne, tena kwa kulipa kwa mafungu. Abu Rafi' alikuwa amekwisha kupewa na mwingine dinari 500 kwa vyumba hivyo. Lakini kwa alivyomsikia Mtume akieleza haki ya jirani, aliacha fedha ile na kumpa Saad. Ikiwa mtu aliacha fedha iliyo mkononi kwa ajili ya ukaribu wa jirani, si uzito mkubwa kumwuliza swali moja mtu aliyekaa ndani ya nyumba yenyewe miaka mingi.

Yako mambo ambayo hukumu imemwachia mwenye mali, na uungwana ukamwomba. Mfano wake ni mjane aliye katika eda. Yeye hukaa miezi minne na siku kumi katika nyumba aliyofiwa. Wanazuoni wametaja kwamba nyumba hiyo ikiwa ni ya kupanga, na muda ukaisha, na mwenyewe asikubali kuendelea kwa kodi, mjane huhamia kwingine. Basi Sharia haikumnyima mwenye nyumba mali yake hata hapo. Lakini atakayemtoa mwanamke katika eda ili mnunuzi aingie wiki mbili mapema, na aangalie ni kitu gani alichokichuma. Ni hivyo hivyo kwa mwenye mgonjwa kitandani, au kwa watoto walio katikati ya mitihani. Fikihi huonyesha mpaka ambao mtu akiuvuka amedhulumu. Haikusema kwamba kila mtu asimame juu ya mpaka huo huo siku zote. Watu wa pwani wana neno lao, kwamba muungwana ni kitendo.

Mpangaji naye ana wajibu wake, na haki haiwi haki ikiwa ni ya upande mmoja. Aliyepewa khabari kwa wema na aendelee kulipa kodi mpaka siku yake ya mwisho. Aruhusu nyumba ionwe kwa saa iliyo sawa. Asiwaharibie wauziana kwa kuwatisha wanunuzi kwa maneno ya uwongo, kwamba nyumba inavuja au ina pepo. Asidai kilemba cha kutoka katika nyumba ambayo muda wake umekwisha. Na siku aliyoahidi kuondoka aondoke, kwa sababu ahadi ni deni, na huenda mwenye nyumba naye amemwahidi mnunuzi kwa kuitegemea ahadi hiyo.

Limebaki jambo moja ambalo ni khasa kwa miji ya pwani. Mombasa, katika mitaa kama Majengo, nyumba huwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwingine, na mwenye nyumba humlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Mila kama hiyo ilikuwako Ng'ambo ya Unguja, na ndiyo iliyoleta mgomo mkubwa wa kodi za viwanja mwaka 1928. Katika nyumba za namna hii, zenye ujia katikati na vyumba huku na huku, kila chumba huwa na mpangaji wake. Basi ardhi ikiuzwa, watu wa tabaka mbili huguswa. Wa kwanza ni mwenye jengo. Naye, kama alijenga kwa ruhusa na hapakuwa na sharti la kubomoa, wanazuoni wa Kishafi hawakumpa mwenye ardhi njia ya kulibomoa bure, bila ya kumfidia. Wa pili ni wenye vyumba.

Mwenye jengo huyo hulia kwa haki pale ardhi inapouzwa chini ya miguu yake bila ya kuambiwa. Huenda kwa kadhi, huenda kwa wakili, huwakusanya wazee wa mtaa. Lakini aulizwe: amewaambia waliomo vyumbani? Mara nyingi hakuwaambia. Anaogopa wasije wakahama na kodi ikakatika, hali yeye ana haja ya kodi hiyo ili alipe wakili. Hoja aliyoikataa ilipotoka kinywani mwa mwenye ardhi, ameipokea ilipomfaa yeye. Mwamba ngoma huvutia kwake. Na mama auzaye vitumbua aliyepanga chumba cha mwisho karibu na ua ndiye atakayejua siku ya kubomolewa ukuta. Haki ya kupewa khabari haikomi kwa mtu wa kwanza aliyeidai. Hushuka kwa kila aliye chini yake, na kila aliyeipokea ana deni la kuifikisha.

Basi mwenye nyumba anayetaka fedha ya mauzo iwe safi mkononi mwake, na ajiulize kabla ya kutia saini: je, yumo mtu ndani ambaye lau angalijua ninayoyajua angalifanya jambo jingine mwezi huu? Kama yumo, na atoke aende kumwambia leo, wala asingoje siku iliyowekwa na sheria. Atakuwa ameuza mali yake kwa ruhusa aliyopewa na Mola wake, na hakuna atakayemdai Siku ya Hisabu kwa sababu ya mlango huo.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.